Swali Ambalo Dorine Alilitafuta Kitabuni

Mwaka 1994 Dorine alikuwa akianika omena ufuoni Sindo, kando ya Ziwa Victoria, na samaki wakikauka aliwasomea wenzake riwaya ya zamani. Mwanamume wa riwaya hiyo alimpenda mwanamke hadi akavunja dirisha lake kwa wivu, kisha akalala kizingitini akilia.

"Huyo si ni Wesley wako!" wenzake wakamcheka. Wesley alikuwa amevunja redio ya Dorine kwa sababu alimkuta akiongea na jirani. Jioni hiyo angekuja kupata jibu la posa yake.

"Anavunja kwa sababu anapenda," Dorine akasema.

Mama Mourine, mkubwa wao kwa umri, aliendelea kugeuza omena. "Nyathina, mwanangu, hebu niambie. Kitabu kizima, mwanamume huyo amewahi kumuuliza mpenzi wake kama amekula?"

Dorine alicheka, kisha akaanza kurudi nyuma, ukurasa kwa ukurasa. Alikuta viapo, mvua na machozi. Swali hilo hakuliona popote.

Jioni Wesley alifika akihema. "Leo umeongea na nani ufuoni?"

Dorine, mikono bado ina magamba, alingoja swali la pili.

"Nimekuuliza, umeongea na nani?"

"Rudi kwenu, Wesley. Sitaolewa nawe," akasema, akaingia ndani kusonga ugali wake.