Viraka vya Sora Ersilia

Sisi wa mtaa wa Trastevere ndio Warumi wenyewe. Wale wa ng'ambo ya mto ni wapangaji tu. Na Trastevere nzima haikuwa na mfuaji kama Sora Ersilia, yaani Bi Ersilia. Shuka alilolifua yeye, ukilitazama juani unapiga chafya. Lakini nguo za nyumbani kwake hakuna aliyewahi kuziona kambani. Alizianika ndani, kando ya jiko, maana zilikuwa viraka vitupu, na mwenyewe alikuwa na maringo kuliko mke wa waziri.

Basi akaja mchoraji kutoka Denmaki, Laurits, mrefu kama ngazi, lakini vijipicha vyake havizidi sahani: fundi viatu, muuza samaki, paka wa uchochoroni. Siku moja alimsimamisha Ersilia mbele ya mashuka ya mke wa wakili yaliyoanikwa uchochoroni, paka miguuni pake. Ersilia hata kupepesa macho hakupepesa. Maishani mwake alikuwa ameona watakatifu tu ndio wanaochorwa.

Mchana mtumishi wa wakili, mama mnene, akafika na kapu.

"Mama, asiyachukue!" Laurits akamlilia Ersilia. "Umevaa nyeusi, na ukuta mweusi. Mashuka yakiondoka huonekani. Itabidi nikufute."

"Unifute mimi? Halafu abaki nani?"

"Paka."

Ersilia akamgeukia mtumishi. "Nimeahidi mchana, na mchana ndio huu. Dada, chukua mashuka yako."

Kamba ikabaki tupu. Jirani yake, Sora Menica, alikuwa dirishani, kama kawaida yake. "Pole, shoga! Umeshindwa na paka!"

Ersilia akamgeuzia mgongo. Aliingia ndani, akakaa kitambo, akatoka na beseni. Akaanika shati la mumewe, viraka vya buluu juu ya viraka vya kahawia. Akaanika gagulo lake. Uchochoro mzima ukatoa vichwa.

"Yesu na Maria! Ersilia, hiyo nguo au ramani?"

"Ramani, Menica. Itazame vizuri, utaiona njia ya kukurudisha jikoni kwako!"

Kisha akasimama palepale, kidevu juu, masikio mekundu. Laurits alikuwa anafungua rangi ambazo hakuzigusa tangu asubuhi.

Jua lilipoinama akamwita aone. Ersilia alijitazama, mdogo kama kidole gumba, na nyuma yake rangi zimemzunguka kama sikukuu. Akatazama weee, mpaka mchoraji akaanza kuogopa.

"Kwenye gagulo kuna kiraka cha gunia," akasema. "Umekiruka. Kitie."