Darasa Langu Limesifiwa kwa Kusoma, na Kusoma Hawajui

Jina langu nimemwomba mhariri alifiche. Mimi ni mwalimu, umri wangu miaka ishirini na sita, nasomesha skuli ya shamba upande wa Chwaka. Tangu wiki iliyopita situlii. Hata chaki ikikatika mkononi nakasirika.

Watoto wetu huanzia chuoni, na huko Kurani huhifadhiwa kwa moyo. Hilo si kosa. Kosa ni langu mimi, niliyeona hifadhi yao ni njia ya mkato. Nilikuwa nasoma, wao wananifuatisha kwa sauti moja, mpaka kitabu kizima kikawakaa kichwani. Mkaguzi alipokuja kutoka mjini, darasa la tatu lilitiririka bila kukwama. Alinipa mkono. Sasa nimeitwa mjini mwezi ujao niwaonyeshe walimu wenzangu njia yangu.

Wiki iliyopita akaja Bi Mize, mama wa mwanafunzi wangu hodari kuliko wote. Mumewe ni hamali bandarini Malindi, kule mjini.

"Mwalimu, nnakuja kukushukuru," akasema. "Barua ya babake kanisomea mwanangu mwenyewe, safari hii sikwenda kwa mtu. Mzima, anatusalimu sote."

Akanipa niione. Iliandikwa na mwenzake wa kazi: mzigo umemwangukia mguuni, yuko hospitali, mkewe aje upesi. Ilikuwa na siku tisa. Mtoto alikuwa amemsomea mama yake barua ya mfano iliyomo kitabuni, neno kwa neno.

Nikamweleza habari ya mguu. Akakaa chini.

"Mbona mwanangu hakuyaona hayo?"

"Mwandiko mbaya, Bi Mize," nikajibu. Mwandiko ulikuwa safi kabisa, na naona haya mpaka leo.

Akaondoka kwa gari ya kwanza. Nikisema kweli, wazazi waliokubali kwa shida kuwaleta binti zao watawatoa, na kazi sina. Nikinyamaza, njia yangu itaenea skuli zote za shamba. Nimeanza kuwafundisha upya, herufi moja moja, na dirisha nalifunga watu wasisikie.

Jana yule mtoto alibaki nyuma wenzake walipotoka. Akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, mama kasema barua ile ilikuwa na maneno mengine. Yalikuwa wapi?"

Nishaurini, jamani: nimjibu nini yeye, na wale walimu wanaoningoja mjini nikawaambie nini?