Alipoacha Kuguna

Mwanangu wa kwanza alizaliwa mimba ikiwa ya miezi saba na kidogo, katika hospitali moja mjini Bariadi. Tulitoka Zagayu asubuhi kwa gari la kukodi, mke wangu amelala kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa mama yake. Mimi ni mtu wa Tanga, nililetwa huku kuwa bwana shamba wa wakulima wa pamba. Mke wangu ni Msukuma wa Lalago.

Mtoto alilia mara moja tu, kilio chembamba, kisha akaanza kuguna. Kila akitoa pumzi, aliguna. Niliporuhusiwa kuingia nilimkuta amewekewa mirija ya oksijeni puani, na kila akivuta hewa mbavu zake zilibonyea kama za mtu mwenye njaa ya siku nyingi. Lakini mimi nilisikia ile sauti tu, nikafurahi.

"Mayu, unamsikia?" nikamwambia mama mkwe. "Huyu ana nguvu."

Aliyenijibu ni muuguzi.

"Anaguna kwa sababu hewa inamshinda, baba."

Akanieleza huku akirekebisha mirija. Tumboni, alisema, mapafu ya mtoto yamejaa maji, wala hayamdhuru, maana hewa yake inatoka kwenye damu ya mama. Uchungu ukianza, maji hayo huanza kunyonywa. Akizaliwa na kulia, pumzi za kwanza huyasukuma yaliyobaki yakaingia kwenye damu, na hewa ikakaa mahali pake.

"Sasa kuna ute unaozuia mapafu yasigandamane. Huyu amewahi kuzaliwa, bado hana wa kutosha. Akitoa pumzi, mapafu yanasinyaa, inabidi ayafungue tena. Kwake kila pumzi ni ya kwanza. Akiguna, anabana koo ili hewa kidogo ibaki ndani."

"Hakuna dawa?"

"Ipo dawa ya kumwekea huo ute. Hapa hatuna."

"Na tukimpeleka Mwanza?"

Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Kwa hali hii, hatafika huko."

Mke wangu alikuwa ametokwa na damu nyingi, hawezi kuketi. Kwa hiyo muuguzi akanivua shati, akaniwekea mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, akatufunga na kitenge cha mama mkwe. Alikuwa mwepesi mno. Nilihisi mbavu zake zikifanya kazi juu ya zangu. Mchana kutwa sikuthubutu kukohoa. Nilijaribu hata kupumua polepole, nikidhani labda atanifuata.

Jua lilipoanza kupungua dirishani, akanyamaza. Mwili ukalegea, uso ukatulia. Nikamwita muuguzi kwa furaha: "Njoo uone, ameacha kuguna. Amepata nafuu."

Alikuja akikimbia. Akakifungua kitenge, akamlaza mezani, akamwita daktari. Wakambana puani na mdomoni kwa kifaa cha kumpulizia hewa, kifua kikawa kinapanda kwa mkono wao. Walipoacha, kikabaki chini.

"Amechoka, baba," daktari alisema. "Alinyamaza kwa kuchoka."

Mama mkwe alimbeba mtoto kwa gari hadi Lalago, wanawake wa ukoo wakamzika usiku huo. Mimi nilibaki na mke wangu. Nilipomwambia, aliuliza swali moja tu: "Alikuwa anafanana na nani?" Nilikuwa nimemtazama mbavu muda wote.

Baadaye maziwa yakaja. Kwenye kitanda cha jirani kichanga kililia, na gauni la mke wangu likalowa mbele. Akaniomba beseni. Nikamshikia, naye akakamua, huku amegeukia ukutani. Lilipojaa kidogo nikaenda kumwaga nyuma ya wodi, nikarudi, nikamkuta gauni limelowa tena.