Kiti cha Babu Kasiano

Enzi zetu mtoto wa Ufipa hakununuliwa kitu cha kuchezea. Angenunuliwa wapi? Duka la ushirika lilikuwa na chumvi, kaniki, na mafuta ya taa siku yalipofika. Ungemwuliza mwuzaji kama ana mdoli, angekupima homa kwa kiganja. Magari tuliyaunda kwa mabua ya mahindi, mpira tuliufunga kwa matambara, na rede tuliicheza mpaka vumbi likatufanya wote kuwa rangi moja. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba, ile inayopasua visigino na midomo, tuliipokea na gauni moja na sweta lenye matobo, tukikimbia mchakamchaka alfajiri huku mvuke ukitutoka kinywani. Wajukuu zangu wakiona wingu tu wanaomba soksi.

Lakini sisi wa kijiji chetu, upande wa kwenda Kate, tulikuwa na kitu ambacho hata watoto wa Sumbawanga mjini hawakuwa nacho, pamoja na maringo yao na viatu vyao vya raizoni vyenye soli nene. Sisi tulikuwa na ndege.

Ndege ya kweli, ya vita, ya kupanda mtu mmoja. Ilikuwa imelala mbugani tumbo chini, pua imezama ardhini, tangu ile vita ya pili ya Wazungu. Wazee walisimulia kwamba ilikuwa safarini kwenda kaskazini na wenzake, ikapotea kwenye mawingu ya masika, ikaishiwa mafuta na kushukia kwenye shamba la ulezi. Rubani alitoka hai, mkono umevunjika, akanyweshwa uji na kubebwa kwa machela mpaka misheni. Baadaye wakaja wenzake, wakang'oa injini na bunduki, wakaenda zao. Ganda likabaki, na kijiji kikalirithi.

Tena kililirithi kwelikweli. Kuku wa balozi wetu wa nyumba kumi walilala nyuma ya mlango uliokatwa kwenye bawa. Mama Leokadia alianikia dagaa juu ya kipande cha mkia. Mhunzi aliyafua mabati yake yakawa vijiko, vichana na makarai. Mzee Gaspari alikuwa na kikopo cha ugoro kinachong'aa kuliko vyote kijijini, na ukimwuliza alikipata wapi, alikwambia alikinunua Mbala, ng'ambo ya mpaka, kwa Mhindi. Sisi watoto tukaachiwa mifupa. Tulipanda mmoja mmoja kwenye lile tundu la rubani, tunanguruma kwa midomo mpaka mate yanaruka, tunaenda Dodoma, tunaenda Roma kumsalimu Baba Mtakatifu, tunarudi kabla mbuzi hawajaingia mahindini. Tulikaa kwenye jiwe, maana kiti hakikuwepo.

Kiti kilikuwa nyumbani kwetu.

Kilikuwa cha bati nene, kimezama katikati kama beseni lililokatwa upande mmoja, na kina matundu ya kupitishia mikanda. Bibi yangu Yustina, mama yake baba, alikipata mwaka ule ule ndege ilipoanguka. Mumewe, Babu Kasiano, alikuwa amechukuliwa kwenda vitani na askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, baba yangu akiwa bado ananyonya. Watu walipokuwa wakigombania mabati, Bibi aliwaambia yeye hataki bati, anataka kiti.

"Vita imemchukua mume wangu," alisema. "Basi inipe pa kumkalisha akirudi."

Babu Kasiano hakurudi. Walirudi wengine, na makoti yao mazito na vikohozi, na kila mmoja Bibi alimfuata kwake kumwuliza. Hakuna aliyemwona akifa, na hakuna aliyemwona akiwa hai. Taarifa ya serikali haikuja. Kwa hiyo kile kiti kikakaa karibu na jiko, upande wa mlangoni, mahali pa mwenye nyumba. Kila Jumamosi Bibi alikisugua kwa majivu. Mwenyewe alikalia kigoda. Ukikisogelea tu, hata kama amekupa mgongo anakoroga maharage, utamsikia:

"Kina mwenyewe hicho."

Padri alikuja kubariki nyumba, akataka kuketi. Aliambiwa vivyo hivyo, kwa heshima zote, akaketi juu ya gunia la mahindi na kubariki akiwa hapo hapo. Jioni baada ya kula tulipiga magoti kwa sala, ugali wa ulezi ukiwa bado mzito tumboni na usingizi unatuvuta masikio, na mwisho wa kila sala Bibi aliongeza: "Na Babu yenu Kasiano arudi salama." Sisi tukaitikia amina. Nilikua nikidhani familia zote za Kikristo zina mtu wa namna hiyo.

Ilipokuja Operesheni ya vijiji vya ujamaa, tukahamishiwa kijiji kipya kando ya barabara, watu walilia mashamba yao, walilia makaburi yao. Lori la kutuhamisha lilipofika kwetu, cha kwanza kupandishwa kilikuwa kiti. Baba alinong'ona kwamba kitanda kingetangulia. Bibi alimtazama tu, naye akashuka kwenda kubeba mtungi.

Kiangazi kimoja baada ya hapo, ulezi ukiwa umekwisha vunwa, ikaingia Landrova ya makumbusho kutoka mbali. Ilimleta Fundi Ambakisye, mtu wa Mbeya, mwenye kucheka kwa sauti na kulalamikia baridi yetu kana kwamba kwao Rungwe ni jangwani. Alikuwa ametumwa kuikusanya ile ndege, aiunge upya, ipelekwe kuwekwa kwenye maonyesho. Ikakokotwa kwa ng'ombe kutoka mahame ya kijiji cha zamani mpaka ghala la kijiji, na Mwenyekiti akaitisha mkutano. Kila mwenye kipande akirudishe, kwa kuwa ndege ni mali ya umma.

Sijaona tena msafara kama ule. Mlango wa banda la balozi ulirudi na kinyesi chake. Mama Leokadia alileta mkia unaonuka ziwa lote. Mwalimu mkuu alileta kengele ya shule, ambayo kumbe ilikuwa chuma cha gurudumu, na sisi tukashangilia tukidhani shule imefungwa. Mzee Gaspari alikaa nyuma kabisa, akivuta ugoro kutoka kwenye jani. Kikongwe mmoja alileta vijiko, naye Fundi akamrudishia.

"Kijiko hakiwezi kuwa bawa tena, mama. Nenda kakorogee uji."

Tangu siku ile ghala likawa nyumba yetu ya pili. Wanaume walinyoosha mabati kwa nyundo za mti, polepole, maana bati lile ukilipiga kwa hasira linapasuka. Sisi tulisugua kutu kwa majani ya msasa mpaka vidole vikawaka. Mafuta ya taa ya kulegezea nati tuliyachanga nyumba kwa nyumba, kila koroboi ikatoa kidogo, na wiki zile tulikula tukiwa tunapapasa mboga gizani. Palipokosekana kipande, mhunzi wetu na Fundi walikata kingine na kukigongea ribiti mpya, wakibishana Kifipa kwa Kinyakyusa na kuelewana vizuri tu. Siku bawa la kwanza lilipokaa mahali pake, mama zetu walipiga vigelegele kama kwenye harusi. Niliwaona watu waliokuwa wamenuniana tangu kuhamishwa wakishikiana ngazi.

Kilichobaki ni lile tundu katikati.

"Ndege bila kiti ni karai lenye mabawa," Fundi alisema, na watu wote wakageuka kumtazama Bibi yangu.

Mwenyekiti alikohoa. "Mama Yustina, unajua tunavyokuheshimu. Lakini kile kiti ni mali ya umma."

Bibi alisimama. Alikuwa mfupi, na kanga yake ilikuwa imefungwa kiunoni kama anakwenda kulima. "Na mume wangu, Mwenyekiti? Alipochukuliwa alikuwa mali ya nani?"

Mimi nilitamani ardhi inimeze, kwa aibu ya kitoto, na papo hapo nilitamani kumrukia shingoni. Fundi Ambakisye ndiye aliyesema mama asisumbuliwe, atatafuta ubao.

Ajabu ni kwamba baada ya siku ile Bibi akaanza kwenda ghalani kila siku. Alibeba maharage na viazi kwenye kikapu, akawapa mafundi, kisha akakaa chini mlangoni kutazama. Jioni moja tuliporudi naye nyumbani tukakuta kuku ametaga ndani ya kiti. Tukajibanza ukutani kungoja radi. Radi haikuja. Bibi alitoa mayai, akaifuta ile sehemu kwa pindo la kanga, akasimama pale muda mrefu sana, akitutazama sisi wajukuu mmoja baada ya mwingine, na matope yetu na makamasi yetu.

"Nikifa mimi," alisema taratibu, "hiki kitakuwa cha kuku."

Baba alisema, "Hapana, mama." Lakini alisema akiangalia pembeni.

Asubuhi Bibi alikwenda moja kwa moja kwa Fundi, mimi nyuma yake.

"Mwanangu, huko mnakoipeleka, nani atakaa humo?"

"Hakuna, mama. Makumbusho ni ya kutazama. Tunazungusha kamba, mlangoni yuko askari, mtu hagusi."

"Akija mkubwa wa serikali akachoka miguu?"

"Atachoka akiwa amesimama."

"Hata Mzungu mwenye ndege yake?"

"Hata yeye, mama. Pale hakai mtu."

Bibi aliuliza tena, kwa maneno mengine, naye Fundi akajibu tena bila kuchoka. Hapo ndipo nilipoona uso wa Bibi unalegea. Alikuwa ameilinda sheria yake peke yake miaka yote ile, dhidi ya watoto, wageni, padri na kuku, na sasa anaambiwa iko nyumba kubwa mjini yenye sheria hiyo hiyo, na askari mlangoni.

Alikileta mwenyewe, kichwani, kimefungwa kwa kanga yake nzuri ya kwendea kanisani. Alikataa kupokelewa. Wanawake waliokuwa wakipukuchua mahindi njiani waliinuka wakamfuata kimya kimya. Fundi alikifunga kwa nati, kikakaa kama hakijawahi kutoka. Kisha, kwa wema wake, akamwambia, "Mama, panda basi ukae kidogo, ndege bado iko kwetu."

"Hapana mwanangu, kina mwenyewe," Bibi alijibu.

Jioni ile tulipiga magoti kama kawaida. Karibu na mlango palikuwa na duara jeupe sakafuni, mahali ambapo kiti kilikaa. Bibi alisali sala zote, akafika mwisho. Halafu akasema: "Na Babu yenu Kasiano apumzike kwa amani."

Hatukuitikia. Hatukujua kama inaruhusiwa. Baba yangu, mtu mzima mwenye ndevu, ambaye hakuwahi kumwona baba yake kwa macho ya kukumbuka, ndiye aliyeanza kulia, kwa sauti, kama mtoto. Bibi alimvuta kichwa akakiweka mapajani, na tukalia wote. Majirani wakaja mmoja mmoja, kukawashwa moto nje, matanga yakakaliwa kwa mtu aliyekuwa amefariki kabla wengi wetu hatujazaliwa. Mzee Gaspari alikuja kutoa pole na ugoro wake ndani ya kile kikopo, mbele ya watu wote, na Fundi Ambakisye akajifanya hakioni.

Sasa mimi ndiye bibi. Nyumbani kwangu Sumbawanga kuna makochi yenye vitambaa, na mtu yeyote anakaa popote, miguu juu, simu mkononi. Siwalaumu. Mtoto wangu akisafiri ananipigia kila basi linaposimama kuchimba dawa, mpaka nachoka kupokea. Ni jambo jema, hakuna mwanamke anayestahili kungoja kama alivyongoja Bibi Yustina. Lakini kuna namna ya kumwekea mtu nafasi yake ambayo tumeiacha mahali fulani njiani, na mimi naikumbuka kama ninavyokumbuka harufu ya majivu ya Jumamosi.

Juzijuzi nilimpeleka mjukuu wangu Brayani kwenye yale makumbusho. Ndege imepakwa rangi vizuri. Nilimwonyesha bati nililolisugua mimi, hakuamini. Kamba ipo, kama Fundi alivyoahidi, na kibao kinasema kiti cha rubani. Sikubishana nacho. Askari alikuwa amegeukia dirishani.

"Bibi, nipande fasta nikae, unipige picha. Itakuwa poa sana!"

"Kina mwenyewe hicho," nilisema, na sauti iliyotoka haikuwa yangu.

"Nani?"

Nikamsimulia pale pale, tumesimama, miguu ikiniuma. Alisikiliza mpaka mwisho, simu akaitia mfukoni mwenyewe bila kuambiwa. Alikitazama kiti muda mrefu, kisha akanivuta mkono.

"Sasa Bibi, na akirudi atajuaje kwamba kiko huku?"

Nilimvuta karibu yangu.

"Tutamwelekeza," nilimwambia.