Tundu la Kuonea Ng'ombe

Harufu ya kibuyu kilichofukizwa kwa kijinga cha moto hunirudisha kwa bibi yangu Wankyo, mama yake baba, enzi hizo meno yangu ya mbele yameng'oka. Kila kibuyu kipya cha maziwa kilipokauka alikaa nacho kando ya ghala, akakigeuza, akakigonga kwa kidole, akakisikiliza kama mtu aliyebisha hodi. Ndipo akachagua cha kukitobolea. Chenye ganda jembamba alikitoboa kwa ncha ya mshale iliyochomwa mpaka ikawa nyekundu. Chenye ganda nene alikikata kwa kisu kikuukuu chenye mapengo. Sisi watoto tulimwambia atumie kisu kipya cha mama, kile kinachong'aa. Akatusonya. "Kung'aa ndiyo kukata?" Tena alikuwa na neno lake: kibuyu ukikikosea mdomo, hakina mdomo mwingine.

Alikufa kabla hatujahamishwa, nami nashukuru. Kwenye lile lori asingepanda. Wangemfunga kamba, naye angewauma.

Sasa lori lenyewe. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, watu wakiteremshwa kutoka vilimani walikozoea, wakapangwe pamoja. Baba yangu, Mwita, alikuwa mmoja wa wachache waliokuwa na bati, alilonunua baada ya kuuza fahali, basi akabomoa paa lake mwenyewe na kulipakia. Ng'ombe wakaja nyuma kwa miguu na kaka zangu. Njiani lori likatumbukia korongoni, likalia kwa uchungu, springi ikakatika. Dereva alipomaliza kuifunga kwa waya akakitupa kile kipande kilichokatika. Baba akakiokota, akakifuta kwa shuka lake.

"Mura, hicho chuma cha nini?" dereva akamwuliza, akimwita kwa Kikurya kama kijana.

"Mmechukua kilima changu. Niachieni hata chuma."

Kijiji kipya kilikuwa upande wa Mugumu, tambarare, nyumba zimepangwa mstari kama askari, milango yote inatazama barabara. Mazizi yakaamriwa yakae nyuma, wageni wakipita wasisikie harufu. Kwetu Wakurya nyumba hulizunguka zizi. Mtu akilala anasikia ng'ombe wake wanavyocheua, na akiamka jicho lake linawafikia kabla halijamfikia mke, nisamehewe, lakini ndivyo ilivyokuwa. Huko kijijini baba akawa analala amelielekezea zizi mgongo. Asubuhi anatoka mbio nje na shuka moja, anahesabu, anarudi amekasirika na wote wapo.

Siku ya tatu au ya nne akamwambia mama, "Nikiwaona ng'ombe nikiwa kitandani, nitakaa hapa. Nisipowaona, nitarudi nao kule."

Basi akaamua kutoboa ukuta wa nyuma, tundu la kuonea zizi. Mama alitaka kukaa. Kilimani alibeba maji mpaka kiuno kikapinda, na kilimani alimzika mdogo wangu, homa ilimaliza kazi yake kabla hawajafika kwa daktari. Kijijini bomba lilikuwa karibu, zahanati ilikuwa karibu, na mimi nilikuwa nimeandikishwa shule. Nilitaka shule na nilimtaka baba. Kwa hiyo lile tundu lilikuwa langu pia. Likikatwa vizuri, sote tunabaki.

Ukuta wa nyuma ulikuwa wa bati, kwa sababu miti ya kuezekea haikutosha na mabati yaliyobaki tukayasimamisha hapo. Kukata tundu kwenye bati si kama mnavyodhani. Jirani yetu alileta shoka la kuni, akasema pigo moja tu. Baba akamwambia ajaribu kwenye kipande kibovu. Akapiga. Bati likachanika kama kanga iliyonaswa kwenye miiba, ufa ukakimbia mpaka pembeni. "Na wewe ndivyo unavyomkata nywele mtoto wako?" baba akamwuliza. Panga nalo tulilijaribu, tukaligonga kwa nyundo. Lilikata mstari mnyoofu, lakini baba alitaka duara, na kwenye migongo ya bati panga liliteleza likatafuta miguu yetu.

Ndipo akaja balozi wa nyumba zetu kumi, Marwa, amebeba mkasi wa bati wa karakana ya kijiji. Mkasi mzuri, umepakwa mafuta. Sikuwahi kuona chombo kizuri namna ile, mate yalinijaa kana kwamba ni nyama.

"Mzee Mwita, chukua," akasema. "Ila ukate dirisha la mbele, kama wenzako. Nyuma hapana. Tumekubaliana nyumba zifanane."

"Nani alikubali?"

"Kijiji."

"Mimi sitazami barabara, Marwa. Barabara haikamuliwi."

Akamrudishia mkasi wake. Nililia. Baba akaniambia niache kulilia chuma cha watu, chetu tunacho. Akatoa kile kipande cha springi. Jioni kadhaa alikuwa amekisugua juu ya jiwe, mimi namimina maji, mpaka kikawa tindo yenye ulimi mkali. Nilimkumbuka bibi na vibuyu vyake. Tindo ile haikung'aa hata kidogo.

Tulilishusha bati, tukapindua kinu cha mama, tukalilaza juu yake.

"Kinu changu si fuawe!" mama akapiga kelele kutoka jikoni.

"Leo ni fuawe," baba akajibu.

Tulichora duara kwa mkaa tukifuata mdomo wa sufuria. Kwanza msumari: nikaushika mimi, baba akagonga, vitundu vimekaribiana kama punje za mahindi. Kisha tindo, inakata kutoka kitundu hiki hadi kile, polepole, kila mgongo wa bati ukigongwa kutoka juu ulale kwanza. Sauti yake ilinikaa kwenye meno. Kile kiduara kilipodondoka baba alikunja kingo zote kwa nyundo zisimkate paji la uso, akanipa kiduara nikichezee. Kilinikata kidole. Kovu ninalo.

Bati likarudi ukutani. Baba akajilaza, akageuza shingo, akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu kilimani. "Yule mweupe amelala," akasema. "Yule mwenye pembe moja ananitazama, mshenzi."

Basi akakaa nasi. Alikula akiwa pale, alinywa uji pale, alitusikiliza habari zetu akiwa pale, kisogo kwetu. Marwa alikuja kulalamika, akajibiwa kwamba kama tundu linamuudhi asipite nyuma ya nyumba za watu. Watu wakacheka, Marwa akavimba.

Ikasemwa wakubwa wanakuja kukagua kijiji. Marwa hakumfuata baba tena, alimfuata mama bombani. Alimwambia nini sijui. Watu wengi wamesema alimtisha, kwamba atanyimwa shamba. Mimi namjua mama yangu. Hakutishika na mtu.

Jioni baba aliporudi na ng'ombe kutoka malishoni, alikuta tundu limezibwa kwa ubao, misumari imepigwa mpaka vichwa vimezama. Nyundo ilikuwa bado mkononi mwa mama.

"Ni Marwa?" baba akauliza.

"Ni mimi. Kwa mikono yangu. Na sizibui, wakubwa waje wasije."

"Kwa nini?"

"Watoto wako wako upande huu, Baba Robi."

Kwa miaka mingi niliamini kosa lilikuwa la tundu. Kwamba tungetumia ule mkasi uliopakwa mafuta, tukakata mbele na nyuma, mambo yangekwenda vizuri. Watu kijijini walisema baba ni mkaidi, na wengine wakasema mama ndiye aliyemfukuza. Waseme. Shule niliishia darasa la tatu, lakini hili nimelisoma mwenyewe, nilipokuwa na nyumba yangu na mume wangu aliyenipa kisogo. Baba alinyang'anywa kilima, akakataa kunyang'anywa jicho pia. Mama alimwachia jicho hilo, akangoja ligeuke limtazame yeye, halikugeuka, naye akakataa. Hakuna aliyekosea chombo. Msiniambie nichague mmoja. Nimetoka kwa wote wawili, na kukataa kwao ninako.

Kesho yake asubuhi, baada ya ule ubao, baba alikunywa uji wake amekaa mlangoni, anatutazama sisi, mmoja mmoja, kama anavyohesabu. Akaniwekea ile tindo mapajani. "Robi, usiinoe kwenye jiwe kavu. Maji kwanza." Akachukua fimbo, akaenda nyuma, akafungua zizi. Mwenye pembe moja alitangulia. Barabara hakuipita, aliwakatisha ng'ombe katikati ya shamba la kijiji, Marwa akimpigia kelele, umande ukimlowesha shuka mpaka magotini, akaelekea vilimani bila kugeuza shingo, na hakurudi tena.