Kamshafti ya Watu Wawili

Saa nne asubuhi ya Jumamosi, karakana ya Duane Sobczak iliyoko kaskazini mwa Flint, Michigan, ina mashine nne na mtu mmoja wa kuzitumia. Lowell Teachout, mwenye umri wa miaka sitini na mitatu, anaingiza ringi ya pistoni ndani ya silinda, anaisukuma chini taratibu, kisha anapima mwanya ulioachwa kati ya ncha zake mbili. Anaitoa. Anaipiga tupa mara moja tu, kama mtu anayemkata mtoto ukucha. Anairudisha.

"Turbo huleta joto," anasema bila kuinua kichwa. "Ringi ikipata joto hutanuka. Ukiinyima nafasi, ncha zake zitabanana na pistoni itapasuka."

"Unaipima hiyo ringi au unaichumbia?" anauliza Duane, mwenye karakana, kutoka kwenye kaunta.

"Naipima."

"Maana naona umeishika mkono tangu asubuhi."

Lowell amefanya kazi hapa kwa miaka thelathini na mmoja, akichonga silinda na kunyoosha vyuma vilivyochoka vya watu wengine. Analipwa dola ishirini na saba kwa saa, na siku hizi kazi hupatikana siku nne tu kwa wiki. Jumamosi ni yake mwenyewe. Duane humwachia mashine bure, kwa sharti moja ambalo hakuna aliyewahi kulitamka: amvumilie akiongea.

Injini iliyo mbele yake ni ya silinda nane, na ilitoka katika Buick ya mwaka 1970, gari la milango miwili lililoundwa katika mji huu huu, zama zile ambapo zamu ya kiwandani ilipobadilika barabara ziliziba kwa wingi wa watu. Lowell alilinunua likiwa bovu, akaliegesha nyuma ya nyumba, akasema ataliamsha atakapopata wasaa. Wasaa ulikuja vibaya. Miaka mitatu iliyopita mkewe, Corinne, alifariki dunia, na jioni zikawa ndefu kupita kiasi. Katika mtaa wake sasa ni nyumba chache tu zinazowashwa taa. Nyingine zimebomolewa, na theluji imelala juu ya viwanja vyake bila alama ya mguu.

Injini hiyo haikuzaliwa na turbo, kifaa kinachozungushwa na moshi wa ekzosi na kuisukumia injini hewa nyingi kuliko inavyoweza kuvuta yenyewe. Kuifunga turbo ni kazi ndogo. Kuchagua vitakavyoistahimili ndiyo kazi. Lowell alizikataa pistoni zenye kichwa kilichotuna, ambazo kila kijana huzitamani kwa sura yake, akachukua zenye kibakuli juu ili mgandamizo wa hewa ndani ya silinda upungue.

"Zile zilizotuna zinafaa injini inayovuta hewa yake yenyewe," anaeleza. "Ukiziongezea turbo, ni kama kumpa mlevi chupa nyingine."

Baada ya pistoni zilifuata gasketi ya chuma yenye tabaka kadhaa, na bolti nene za kukishikilia kichwa cha injini kisinyanyuke. Vyote viko mezani, vimefunikwa kitambaa safi.

"Watu hukosea hapa," anasema. "Hununua kipuri kikubwa, halafu kikubwa zaidi, halafu kikubwa kuliko vyote. Kipuri hakichaguliwi peke yake. Ukikishika, kiulize: wewe umekuja na nani?"

Kimebaki kimoja, nacho kimemshinda kwa majuma kadhaa: kamshafti, mhimili wenye nundu zinazosukuma vyuma vidogo viitwavyo tapeti, ili navyo vifungue valvu.

Ziko aina mbili. Tapeti za rola zina vigurudumu; huviringika juu ya nundu, na injini yake huwashwa siku ya kwanza bila sherehe yoyote. Tapeti bapa husuguana na nundu chuma kwa chuma, hivyo hazina budi kuzoeana. Injini ikishawaka kwa mara ya kwanza, lazima izunguke kwa kasi kwa muda wa dakika ishirini bila kuachwa ishuke, kwa kuwa mwendo huo ndio unaorusha oili hadi kwenye nundu. Mmoja hukaa ndani, mguu juu ya kanyagio la mafuta. Mwingine husimama mbele, boneti ikiwa wazi, macho kwenye geji ya oili na kila mahali panapoweza kuvuja.

Kwa miaka yote ya ndoa yao, mguu ulikuwa wa Corinne.

"Hakupenda magari," anasema Lowell. "Alipenda kuambiwa kwamba hakuna anayeshika mwendo kama yeye. Na ilikuwa kweli."

Binti yao, Kendra, alikuwa akiketi kando ya mama yake, viganja masikioni. Leo ana miaka thelathini na mitano na anauza miwani katika mji wa Toledo, mwendo wa saa mbili kwa gari. Hawajagombana. Ni kwamba Corinne ndiye aliyekuwa akizungumza na wote wawili, na alipoondoka, waliobaki waligundua kwamba hawakuwa wamejifunza.

"Bohari ya vipuri wanafunga saa sita," Duane anakumbusha. "Rola au bapa?"

"Rola."

"Rola ni dola elfu moja na mia nne, mzee. Bapa ni theluthi ya hiyo. Wewe uliyevaa buti hizo tangu nikiwa na nywele kichwani, leo umekuwa tajiri?"

"Fedha ninayo."

"Sikuulizi fedha. Nakuuliza sababu."

Lowell anafuta mikono yake, kidole kimoja baada ya kingine. "Rola haihitaji mtu wa pili."

Duane anaweka kalamu juu ya kaunta. "Na mimi ni nini? Kabati? Nitakuja kukanyaga."

"Ungeongea dakika zote ishirini."

"Hiyo siwezi kuikana."

Simu inaita. Ni Kendra, ambaye hupiga kila Jumamosi. Lowell anaiweka kwenye spika, kwa sababu mkono wake bado una oili.

"Baba. Huko theluji?"

"Ipo."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Haya basi, Baba."

"Subiri," anasema Lowell.

Duane anageukia rafu na kuanza kupanga makopo ambayo tayari yamepangwa.

"Nawasha Buick mwezi wa Mei," Lowell anaendelea. "Natafuta mguu."

"Si Mama ndiye aliyekuwa..."

"Ndiye."

"Na nikikosea?"

Lowell hamdanganyi. "Ukiuacha mwendo ushuke, kamshafti inaweza kulika. Unga wa chuma utaingia kwenye oili, na oili hiyo hiyo ndiyo inayolainisha turbo. Tutapoteza vyote viwili."

"Sasa si ununue ile nyingine? Ile yenye magurudumu?"

"Hiyo naweza kuiwasha peke yangu."

Upande wa pili wa simu mlango unafungwa, na kelele za duka la miwani zinakatika.

"Dakika ishirini, Baba. Tutaongea nini?"

"Hatutasikiana. Inanguruma mno."

Kendra anacheka, kicheko kifupi chenye mshangao ndani yake. "Hiyo nitaiweza," anasema. Kisha: "Jumamosi ya pili ya Mei sina kazi."

Simu inapokatika, Duane anaandika agizo la kamshafti ya tapeti bapa bila kuuliza tena. Anasema tu, kwa sauti ya chini isiyo yake, kwamba ni uamuzi wa kijinga kiufundi. Lowell anakubali. Anayajua mahesabu, ameshafungua injini nyingi zilizoharibika kwa njia hiyo.

Akiulizwa anatumaini nini, hasemi habari za mashindano wala za kuuza gari. Anataka iwake kwa jaribio la kwanza na isishuke. Dakika ishirini hizo hazimtishi. Kinachomtisha ni baada yake, kwani injini ikizimwa inapaswa kupoa mchana mzima kabla ya kufunguliwa tena.

"Muda wote huo," anasema, "sijui tutafanya nini."

"Mtakula, mzee," anajibu Duane. "Watu hula. Siku hiyo kachukue zile soseji za ndani ya mkate za pale kona, zenye mchuzi wa nyama na vitunguu."

Lowell anafikiri, ringi ingali mkononi.

"Kendra hali vitunguu," anasema. "Alikuwa hali." Anainama tena juu ya silinda. "Nitamuuliza."