Mhudumu Asiyestaafu

Juma lililopita nilikuwa kwenye foleni ya kliniki moja ya Ukunda. Mzee mmoja, mhudumu mstaafu wa hoteli za Diani, alisimama ghafla, akatundika leso mkononi na kuanza kutuuliza tungependa kula nini.

"Baba, hapa ni hospitali!" binti yake alimkemea kwa aibu.

"Ndiyo maana wana njaa," mzee alijibu.

Muuguzi alipotoka, mzee alimwinamia. "Karibu, bibie. Leo tuna pweza wa nazi."

"Shikamoo, mzee. Nitakula ndani. Naomba unipeleke mezani."

Mzee akatangulia, akamfungulia mlango wa daktari.

Binti alitugeukia. Alituambia kwamba mganga alikuwa amesema ni jini anayetaka kuku. "Kuku wamekwisha, na baba bado ananiita meneja."

Muuguzi alirudi. "Dada, huenda ni maradhi ya ubongo. Daktari atampima. Wewe usibishane naye, mfuate alipo."

Binti alifuta machozi, akaingia. "Baba, mimi naomba chai."

"Ya maziwa au ya rangi?"

"Ya rangi."

Asubuhi nzima, hapo ndipo nilipowasikia wakielewana.